Nikienda kwa Mshauri Nasaha, Nani Mwingine Atajua?

Barua tatu za toleo hili zote zinahusu vyuo. Majina ya waandishi na ya vyuo vyao tumeyaondoa.

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, nimetokea Sumbawanga. Muhula wa kwanza nimepata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, mimi ambaye kidato cha sita nilikuwa wa pili shuleni kwetu. Tangu matokeo yatoke sipati usingizi mpaka karibu na adhana ya alfajiri, na nikikaa darasani namwona mwalimu anaandika ubaoni lakini hakuna kinachoingia. Nyumbani nimewaambia mambo yanakwenda vizuri. Kiongozi wa darasa letu amenisihi niende kwa mshauri nasaha, lakini ninayekaa naye chumbani anasema jina la anayekwenda pale linafika kwa Mshauri wa Wanafunzi, kisha Bodi ya Mikopo inapata habari. Nikienda, nani mwingine atajua?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako hakukusudia kukudanganya. Amechanganywa na neno. Katika vyuo vyetu neno “mshauri” limebebeshwa watu wawili wenye kazi mbili tofauti. Mshauri wa Wanafunzi ni kiongozi wa utawala, na chini yake kuna malazi, serikali ya wanafunzi, ruhusa za kusafiri na mashauri ya nidhamu. Mshauri nasaha ni mtaalamu aliyesomea saikolojia au ustawi wa jamii, na kazi yake ni kukaa na mtu mmoja, mlango ukiwa umefungwa, amsikilize. Tatizo ni kwamba vyuo vingi vimemweka huyu wa pili ndani ya ofisi za yule wa kwanza, kwa hiyo mwanafunzi anayeitwa kwenye nidhamu na anayekwenda kutua mzigo wa moyo wanakaa benchi moja, na sijui ni nani angemlaumu mmoja wao akiogopa kuonekana hapo.

Nilipokuwa nikifanya kazi hii chuoni, mlango wetu ulitazamana na dirisha la wahasibu. Nilizoea kuwaona vijana wamesimama kwenye foleni ya ada bila karatasi yoyote mkononi, wakisubiri watu wapungue ili wavuke hatua tatu za kuja kwetu. Wengine foleni iliwafikisha dirishani kabla hawajathubutu, wakauliza swali la kubuni kuhusu malipo ya hosteli, wakaondoka zao. Niliomba tuhamishiwe chumba cha nyuma, kando ya maktaba, na sikupewa.

Sasa jibu la swali lako. Unayomweleza mshauri nasaha ni siri kwa miiko ya taaluma yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti zisizogawiwa kiholela. Siri hiyo ina mipaka yake: akiona uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini, au mahakama ikiamuru, atalazimika kumshirikisha mtu, na aliye makini hukueleza jambo hilo kabla hujaanza kuzungumza. Asipokueleza, muulize wewe: “Haya nitakayosema yanaandikwa wapi, na nani mwingine anafungua faili hilo?” Akibabaika, mshukuru uondoke, uende zahanati ya chuo au hospitalini kwa kadi yako ya bima, ambako utaingia kama mgonjwa mwingine yeyote.

Bodi ya Mikopo haihitaji kujua umezungumza na nani. Inachofuatilia kutoka chuoni ni usajili wako na maendeleo yako ya masomo. Kwa hiyo kinachoweza kuugusa mkopo wako ni sapu hizo zikiongezeka mpaka ukadisko, yaani ukaondolewa chuoni kwa kufeli, na mazungumzo ya ofisini yapo ili usifike huko.

Siku ya kwanza pengine utapewa karatasi yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona huna thamani, kushindwa kutuliza akili na mengine ya namna hiyo. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu kabisa ni 27. Jibu kwa ukweli hata kama utaona haya, kwa sababu huu ndio mtihani pekee chuoni ambao anayejaribu kufaulu anajiumiza mwenyewe. Mshauri pia atakuuliza unakula nini, na usilione hilo kuwa swali la kipuuzi. Kiwango cha kujikimu cha Sh10,000 kwa siku, kilichopandishwa mwaka 2022 kutoka Sh8,500, kinabeba chakula na malazi pamoja, na bumu, yaani hizo fedha za mkopo, likichelewa, kichwa nacho huacha kufanya kazi. Niliwahi kupokea kijana aliyeletwa na wenzake kwa kuwa “mawazo yamemzidi”, na baada ya nusu saa nikabaini kwamba siku nne alikuwa akiishi kwa chapati moja na chai ya rangi asubuhi. Mawazo alikuwa nayo kweli, lakini siku hiyo tuliyaanzia kwa mama lishe.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni tarehe. Katika kanuni za vyuo vingi, mwanafunzi mgonjwa anaweza kuomba kuahirisha mtihani, au hata mwaka, kwa barua iliyoambatishwa na maelezo ya daktari, na barua hiyo ina nguvu ikifika kabla ya mtihani. Ikifika baada ya matokeo kubandikwa, inasomwa kama utetezi. Kukosa usingizi kwa majuma ni ugonjwa unaostahili kuandikwa na daktari sawa na malaria, lakini hakuna daktari atakayeandika leo kuhusu usiku ambao hukumwambia mtu. Nenda wiki hii, wakati mitihani ya muhula wa pili bado iko mbali, hata kama huna nia ya kuahirisha chochote. Na ikifikia kuahirisha mwaka, mwone kwanza afisa mikopo wa chuo kabla hujatia saini, kwa kuwa fedha za kujikimu ni za anayesoma. Uliza zitasimama lini, zitarudi kwa utaratibu gani, na upewe majibu kwa maandishi.

Nyumbani wape ukweli mmoja tu kwa kuanzia, kwamba una mitihani miwili ya kurudia. Hayo mengine utayasema ukishapata nguvu.

SWALI: Mimi ni mama wa kijana wa mwaka wa pili, naandika kutoka Muheza. Mwanangu amerudi nyumbani katikati ya muhula bila kuaga chuoni. Amejifungia ndani, haogi mpaka alazimishwe, na mara mbili nimemsikia akijibizana na mtu ambaye simwoni. Shemeji zangu wanasema amefanyiwa mambo kwa sababu ya husuda na wanataka apelekwe kwa mganga Pangani. Mimi naogopa nikisema hospitali, watasema nampeleka Mirembe. Je, chuo kitampokea tena?

JIBU: Mama, pole sana. Mpeleke hospitali ya wilaya wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii ni dalili inayotibika, na inatibika vizuri zaidi ikiwahiwa. Magonjwa mengi ya akili hujitokeza kabla mtu hajafikisha miaka 25, ndiyo maana vyuo hukutana nayo zaidi ya ofisi nyingi. Mirembe ya Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1927, imegeuzwa tusi la mitaani kwa miaka mingi kiasi kwamba watu wamesahau kuwa ni hospitali yenye madaktari na dawa, na tena huenda mwanao asihitaji kufika huko kabisa.

Na shemeji zako usigombane nao, kwa maana utawahitaji. Dua iendelee, kisomo kiendelee, ila dawa za hospitali zisikatizwe kwa ajili ya kitu kingine chochote, na mtu yeyote asimfunge, asimfungie wala asimchape kijana huyo kwa jina la tiba.

Kuhusu chuo, kinachowaponza wengi ni ukimya. Mwanafunzi aliyetoweka bila taarifa huhesabiwa kuwa ameacha masomo, wakati aliyeandikiwa na daktari ana njia ya kurudi. Andika barua fupi kwa Mshauri wa Wanafunzi (huyu sasa ndiye wa utawala, na hapa ndiye unayemtaka), taja namba ya usajili ya mwanao, ambatisha karatasi ya hospitali, eleza kuwa anatibiwa na unaomba aahirishiwe masomo. Daktari hahitaji kutaja ugonjwa kwa kina katika karatasi hiyo. Inatosha kusema kwamba kijana hawezi kusoma kwa muda fulani. Weka nakala nyumbani, na hakikisha iliyokwenda imegongwa muhuri wa kupokelewa.

SWALI: Rafiki yangu wa hosteli amegawa viatu vyake vizuri na simu yake ya akiba, na jana usiku aliniambia amechoka kuishi. Ameniapisha nisimwambie mtu. Nifanye nini?

JIBU: Mwandishi wa barua hii tulimpigia simu saa ileile tuliyoisoma. Tunaichapisha kwa sababu ya wengine walio katika chumba kama hicho.

Kiapo hicho kivunje. Rafiki anaweza kukununia muhula mzima, na hilo linavumilika. Kaa naye, muulize bila kuzunguka, “Je, unafikiria kujiua?” Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, mara nyingi linampa nafasi ya kulisema kwa sauti. Usimwache peke yake hata kwa dakika ya kwenda kuchota maji. Mtume mwingine akamwite mlezi wa hosteli, kisha mwende naye zahanati ya chuo au hospitali iliyo karibu, usiku huohuo.

Najua wanafunzi wanaiogopa polisi katika jambo hili. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, ingawa kwa jirani zetu wa Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka Katiba. Mimi ningefurahi kukiona na chetu kikiondolewa. Lakini rafiki yako hajajaribu chochote. Amesema amechoka, na kuchoka hakumo katika sheria yoyote. Ukifika mapokezi sema hivi: “Rafiki yangu anasema hataki kuishi, tunaomba daktari amwone sasa hivi.” Kisha kaa naye mpaka aitwe.