Mbwa Anayejikunyata Kituoni

SWALI: Daktari, ninaendesha kituo cha kulelea mbwa mchana hapa Milimani, Nakuru. Wafanyakazi wangu huwalisha na kuwasafisha vizuri, lakini mbwa wengine hujikunyata pembeni kutwa nzima. Niwafundishe nini?

JIBU: Wafundishe kwanza kuusoma mwili wa mbwa kabla ya kumgusa. Mbwa anayelamba midomo ilhali hakuna chakula, anayepiga miayo bila usingizi au anayegeuza uso huku weupe wa macho ukionekana, anaomba apewe nafasi. Na mkia unaotikisika si furaha kila mara, hasa mwili ukiwa umekakamaa. Kuhusu kunguruma ninasisitiza: asiadhibiwe kamwe, kwa sababu mbwa aliyezoeshwa kunyamaza huweza kuuma bila onyo.

Huyo anayejikunyata asiburutwe kwa kamba kwenda kucheza. Mfanyakazi aketi chini, amgeuzie ubavu, asimkodolee macho, kisha angoje mbwa asogee mwenyewe, hata ikichukua asubuhi nzima. Tengeni pia chumba kimya, kwani mbwa mzima huhitaji kulala takriban saa 12 kwa siku, na anayechezeshwa mfululizo huishia kuwa mkali. Akiendelea kukataa chakula, mwite daktari wa mifugo, maana maumivu nayo humfanya mbwa ajitenge.