Virejeshi na Vitenzi-Jina vya Kiingereza: Makosa Yanayoanzia Katika Kiswahili Chetu

Niliandika Kiingereza kwa miaka mingi nikiamini kwamba naijua sarufi yake, mpaka mwalimu mmoja aliponirudishia insha ambayo ndani yake neno "it" lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu mara sita. Nilikuwa nimeandika "The book which I read it", na sikuona kosa lolote, kwa sababu Kiswahili husema "kitabu ambacho nilikisoma" na ile "-ki-" iliyo ndani ya kitenzi haimsumbui mtu. Katika Kiingereza, "which" imekwisha kushika nafasi ya kitabu, kwa hiyo ukiongeza "it" unakuwa umekitaja kitabu kilekile mara mbili.

Sahihi ni "The book which I read", na hata hiyo "which" unaweza kuiacha, kwa kuwa kitabu ndicho kilichosomwa. Neno hilo haliachwi linapokuwa kiima cha kishazi: ukilitoa katika "The book which fell is mine", sentensi inavunjika. Tangu siku ile, kila nikiandika kirejeshi, yaani neno kama "which" au "who", hurudi kukikagua kitenzi kinachokifuata, nihakikishe kwamba hakikubaki kiwakilishi kisicho na kazi.

Mkato nao una uzito wake. "My sister who lives in London" humaanisha kwamba nina dada zaidi ya mmoja na ninamtenga huyu na wengine, lakini "My sister, who lives in London," humaanisha kwamba dada yangu anajulikana tayari, na habari ya London ni nyongeza tu.

Vitenzi-jina, yaani vitenzi vinavyotumika kama majina, vilinitesa zaidi. Kiswahili kina "kuogelea" moja, iwe "nataka kuogelea" au "nafurahia kuogelea", ilhali Kiingereza hudai "want to swim" katika ya kwanza na "enjoy swimming" katika ya pili. Vitenzi kama "enjoy", "avoid" na "finish", vinavyofuatwa na "-ing", inabidi kuvikariri, na ni heri kuvikariri ndani ya sentensi nzima. Baada ya kihusishi hakuna la kukariri, kwani umbo la "-ing" ndilo linalotumika: "good at swimming", "before leaving".

Mtego uko kwenye "to", ambayo pengine ni kihusishi na pengine ni alama ya kitenzi tu. Mimi huweka "it" mahali pa kitenzi. "I look forward to it" inakubalika, basi ni "I look forward to meeting you". "I want to it" haisimami, basi ni "I want to meet you". Kosa la hapa huweza kugeuza maana nzima, kwani "He stopped talking" ni kwamba aliacha kuzungumza, na "He stopped to talk" ni kwamba alisimama ili azungumze.

Tena, si kila "-ing" ni kitenzi-jina. Katika "the man standing at the door", neno "standing" ni kishazi cha kirejeshi kilichofupishwa, yaani "who is standing", na Kiswahili chake ni "mtu aliyesimama mlangoni", wala si "kusimama".