Mtoto ana homa na mikono ya baridi: dripu niifungulie?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya upande wa Himo. Juzi usiku niliandikisha mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kilo 10, homa siku ya tatu, amelegea na anahema kwa shida. Joto 39.4. Mikono na miguu ya baridi, nikibonyeza ukucha rangi inarudi baada ya sekunde 4. Mapigo 170, ila ya mkononi niliyashika vizuri tu. Hajaharisha, hajatapika. Nikaandika salaini (maji ya chumvi ya dripu) mililita 200 ziishe kwa dakika 15, kama tulivyofundishwa chuoni. Sista wa zamu, mama mtu mzima, akakibana kigurudumu cha dripu akaniambia, "Mwanangu, hiyo tuliiacha." Baadaye akanitajia utafiti uliofanyika Muheza. Je, yuko sahihi? Na kama Muheza ni kwenye malaria nyingi, utafiti huo unatuhusu vipi sisi wa Kilimanjaro?

JIBU: Marahaba. Sista yuko sahihi, na zamu ijayo mnunulie soda. Wewe nawe hukukosa kwa uzembe. Ulifanya tulichofundishwa wote. Mwaka wangu wa mafunzo kazini, hospitali niliyokuwepo ilikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: mtoto akija wa baridi, fungulia. Nilifungulia nyingi. Watoto walipata joto, mama zao wakatushukuru, nami nikaenda kunywa chai.

Hiyo chai ndiyo kiini cha jambo lenyewe, kwa hiyo nianze na utafiti anaousema sista.

Unaitwa FEAST. Uliongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya utafiti Kilifi, Kenya, ukatangazwa mwaka 2011. Ulifanyika katika hospitali sita: nne za Uganda, moja ya Kenya, na ya kwetu ilikuwa Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga. Watoto 3,141 wenye homa kali, waliopungukiwa fahamu au kuhema kwa shida, na wenye dalili za damu kutofika vizuri mwilini, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wapo waliopewa salaini kwa kasi, wapo waliopewa albumini (maji yenye protini ya damu) kwa kasi, na wapo waliopewa dripu ya kawaida tu, ile ya mililita 2.5 hadi 4 kwa kilo kwa saa. Wengi wetu tulitegemea dripu ya kasi ingeshinda. Kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu ikausimamisha utafiti kabla ya wakati, Januari 2011. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa salaini, na asilimia 7.3 ya wale wa dripu ya pole. Kwa lugha ya wodini, kila watoto 100 uliowafungulia, watatu hivi wasingekufa kama ungeacha.

Na angalia, kasi yao ilikuwa mililita 20 kwa kilo, baadaye 40, ndani ya saa nzima. Wewe ulitaka dakika 15.

Sasa turudi kwenye chai. Walipowapima watoto baada ya saa moja, dalili za shoki, yaani damu kutofika vizuri mwilini, zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya waliofunguliwa dripu, na kwa asilimia 32 tu ya wale wengine. Yaani ukisimama kando ya kitanda saa ile ya kwanza, dripu inaonekana imefanya kazi, na kweli mtoto amepata joto. Kifo kinakuja baadaye, usiku au alfajiri, zamu imeshabadilika, na aliyefungulia dripu hayupo kukihusisha na alichokifanya. Ndiyo maana tabia hii imekuwa ngumu kufa: macho yetu wenyewe yanaitolea ushahidi wa uongo.

Wengi hudhani watoto hao walizama kwa maji mapafuni. Vifo vilipochambuliwa kimoja kimoja, vingi vilionekana ni vya moyo na mzunguko wa damu kuanguka, si mapafu wala ubongo kuvimba. Maelezo mojawapo ni kwamba mwili wa mtoto mwenye maambukizi makali unabana mishipa ya mikono na miguu makusudi, ili damu ibaki kwenye moyo na ubongo. Ubaridi ule unaouona ni kinga. Ukimimina salaini ghafla unailegeza kinga hiyo, unaizimua damu ambayo pengine tayari ni chache, na kloridi iliyomo kwenye salaini inaongeza asidi mwilini.

Kuhusu Muheza na Kilimanjaro, umeuliza swali la mtu anayefikiri. Kweli malaria ya huku si ya Tanga. Ukiacha mashamba ya mpunga ya Moshi ya chini, kwa watu wa Marangu na Machame mlimani malaria ni ya kusikia. Lakini katika FEAST waliokuwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 57. Waliobaki, zaidi ya elfu moja, hawakuwa na malaria, na madhara yalionekana pande zote mbili. Kinachotuhusu zaidi ni mazingira: hospitali zile hazikuwa na mashine za kupumulia watoto wala chumba cha uangalizi mahututi, na kituo chako hakina pia. Wenzetu wa Ulaya na Marekani bado wanaanza na dripu ya kasi kwa sababu mtoto akiharibikiwa wanamwekea mashine. Hata mwongozo wao wa kimataifa wa mwaka 2020 unasema wazi kwamba pasipo uangalizi mahututi, na kama presha haijashuka, usitoe dripu ya kasi.

Tuje kwa mtoto wako. Shirika la Afya Duniani, tangu mwongozo wake wa 2016, linataka dalili zote tatu ziwepo pamoja ndipo uite shoki: mikono na miguu baridi, rangi kurudi baada ya zaidi ya sekunde 3, na mapigo dhaifu yaendayo mbio. Wako alikuwa na mbili, na mapigo uliyashika vizuri. Hakuwa na shoki kwa kipimo hicho. Na mwezi wa saba, mtoto aliyeshushwa kutoka Marangu kwa bodaboda saa tisa usiku atakuwa na mikono ya baridi hata kama anaumwa sikio tu. Mfunike, subiri kidogo, kisha bonyeza ngozi ya kifuani badala ya ukucha.

Alichohitaji kwanza ni sukari kupimwa. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, au kama glukomita imeisha vijiti (najua huwa vinaisha), mpe glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Kwake ni mililita 50. Kama mna ile ya asilimia 50 tu, vuta mililita 10, ongeza 40 za maji ya sindano. Oksijeni kama kipimo cha kidoleni kiko chini ya asilimia 94, kwa kuwa ana dalili za hatari. Kipimo cha haraka cha malaria, na kikiwa chanya artesuneti miligramu 3 kwa kilo, yaani 30. Antibiotiki ya sindano ndani ya saa hiyo hiyo, usingoje majibu. Halafu angalia viganja na ndani ya kope. Hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ikiwa chini ya gramu 5 kwa desilita, mtoto huyo maji hayatamfaa, anataka damu: mililita 20 kwa kilo za damu nzima, taratibu kwa saa 4 hivi. Kituo cha damu salama cha Kanda ya Kaskazini kipo hapa Moshi, lakini piga simu hospitali ya rufaa mapema waanze kuandaa kabla hamjafika.

Dalili zote tatu zikiwepo, hapo dripu inaruhusiwa, mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60, ukiwa umesimama hapo hapo. Mapigo yakipanda, akianza kukoroma au ini likishuka chini ya mbavu, bana.

Usije ukaliweka jibu hili kwa mtoto anayeharisha. FEAST haikuwachukua wenye kuharisha, walioungua, waliojeruhiwa wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto aliyekaukiwa kwa kuhara anataka maji, tena haraka: ringa laktate mililita 100 kwa kilo. Aliyetimiza mwaka apewe 30 za kwanza ndani ya nusu saa na 70 kwa saa mbili na nusu, mdogo zaidi apewe 30 kwa muda wa saa moja na 70 kwa muda wa saa tano. Nimewahi kuona tabibu aliyesikia FEAST nusu nusu akimnyima maji mtoto wa kipindupindu. Wa utapiamlo mkali yeye ana utaratibu wake na vipimo vyake vidogo, usimchanganye na hawa.

Na tukiwa hapo, watu wazima nao wasikudanganye. Lusaka, katika utafiti uliotangazwa 2017, wagonjwa 212 wa maambukizi ya damu wenye presha ya chini, wengi wao wakiwa na virusi vya Ukimwi, walipojazwa maji kwa utaratibu maalumu walikufa asilimia 48, dhidi ya asilimia 33 waliotibiwa kama kawaida.

Tatizo la kweli vituoni ni kwamba pampu hakuna. Kwa mtoto wa kilo 10, dripu ya kawaida ni mililita 40 kwa saa. Kwa seti ya watu wazima, inayotoa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 13 kwa dakika. Yahesabu kwa saa ya mkononi. Mimi pia humwaga chupa ya mililita 500 hadi ibaki kiasi ninachotaka kwa saa mbili, kisha nabandika plasta yenye saa. Hata kigurudumu kikiachia, hakina cha kuachia.

Kigurudumu huachia barabarani kuliko popote. Himo hadi Moshi ni matuta na mwendo, muuguzi ameshika oksijeni, mama ameshika chupa juu, na tunampokea mtoto aliyekunywa nusu lita bila mtu kujua. Kabla mlango wa gari haujafungwa, bana dripu kabisa, funga kanula, na kwenye barua ya rufaa andika mililita ngapi zimeingia na zilianza saa ngapi.