Kwa dakika ngapi hawakuruka?

Daftari langu la msimu wa kwanza baharini lilijaa nyangumi wanaoruka. Kurasa nzima: karuka, kapiga mkia, karuka tena, mama na mtoto, wameruka wote. Nililipeleka kwa msimamizi wangu kifua mbele. Akafunua kurasa tatu nne, akaniuliza, "Na kwa dakika ngapi hawakuruka?" Sikuwa na jibu. Sikuwa nimeandika saa tuliyoanza kutazama, wala saa ukungu ulipotufunika, wala zile asubuhi tulizozunguka mpaka macho yakauma bila kuona hata pumzi moja. Anayelisoma daftari lile ataamini nyangumi anaishi hewani.

Ukiingia kwenye kazi hii, iwe unachunguza nyangumi, tembo au swala, hilo ndilo kosa litakalokuwinda mapema zaidi. Wala si uvivu. Jicho la binadamu hufuata kishindo, na mnyama hutumia sehemu kubwa ya maisha yake akila, akilala, akitembea polepole, akifanya mambo yasiyo na kishindo chochote.

Mwaka 1974 Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani, alichapisha makala kuhusu namna ya kuchukua sampuli za tabia. Hadi leo ndiyo makala ninayompa mgeni kabla sijampa darubini. Hoja yake ni nyepesi kuisema na ngumu kuitii: amua kabla hujafika utamtazama nani, kwa muda gani, na utaandika nini. Unaweza kumchagua mnyama mmoja ukamfuata kwa dakika 20, hata akisinzia huku jirani zake wanapigana. Au unapitisha jicho kundi zima kila baada ya dakika 10 na kuandika kila mmoja anafanya nini wakati huohuo. Ya kwanza itakuonyesha mfuatano: nani kamsogelea nani, nini kikafuata. Ya pili itakuambia siku yao imegawanyika vipi. Mambo mengine yanayokuvutia yaandike pembeni ya ukurasa, yatakuletea maswali mazuri, ila usiyatie kwenye hesabu.

Utajaribiwa. Unamfuata jike anayechambua majani kwa utulivu, mara nyuma yako ugomvi unalipuka. Usigeuke. Na majina ya utakaowafuata yapange kwa kura tangu jana yake, la sivyo kila siku utajikuta kwa dume lilelile kubwa lisiloogopa watu, kwa sababu tu ni rahisi kuliona.

Kwa nyangumi kuna taabu ya ziada: mengi yanatendeka chini, usipofika. Chukua nyangumi spemaseti, yule mwenye kichwa kama sanduku. Kwa kawaida huzama kama dakika 45, kisha hukaa juu kama dakika 10 akivuta pumzi. Piga hesabu mwenyewe. Ndege ya kuhesabia ikipita juu yake kwa kasi, uwezekano wa kumkuta juu ni chini ya mmoja kwa watano. Aliyeona nyangumi wanne akaandika "wanne" kaandika kweli, lakini hajajibu swali la idadi yao. Ndiyo maana tunawabandika vifaa vidogo vinavyoshika ngozi kwa vikombe vya mpira, vinarekodi kina, mwendo na sauti, halafu vinabanduka na kuelea. Kwa vifaa vya aina nyingine, vinavyobaki mwilini muda mrefu zaidi, tumejua kwamba nyangumi wa Cuvier anaweza kukaa chini ya maji saa 3 na dakika 42, rekodi iliyochapishwa mwaka 2020. Ukiwa kwenye mashua ungesema eneo lile halina nyangumi, ukageuza ukarudi.

Kwa hiyo jitihada ya kutafuta ni data kama data nyingine. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza, njia mliyopita, hali ya bahari, mwanga wa jua unaoakisi juu ya maji, macho ya watu wangapi yalikuwa kazini. Saa nne bila kuona kitu ni saa nne zenye sifuri, na hiyo sifuri ina thamani. Wa nchi kavu nao wasijione wamesalimika: kamera za kutega porini hufa betri, au jani likicheza mbele ya lenzi hujaza kadi yote. Kamera iliyozimika tarehe 9 haikuthibitisha kwamba chui hakupita tarehe 12.

Kumtambua mnyama mmoja mmoja ndiko kulikoifungua taaluma hii, nami hapo nisingependa upite haraka. Huko Amboseli, Cynthia Moss na wenzake wamewafuata tembo tangu 1972 wakiwajua kwa masikio: mipasuko, matundu, ramani ya mishipa. Nyangumi mwenye nundu anajulikana kwa weusi na weupe wa upande wa chini wa mkia, orka (nyangumi muuaji) kwa pezi la mgongoni na baka lililo nyuma yake. Kwenye miaka ya 1970 Michael Bigg alipoanza kuwapiga picha orka wa pwani ya British Columbia, Kanada, wengi walidhani wapo maelfu. Kumbe ni mia chache, wale wale wakionekana na kuonekana tena. Na kwa sababu sasa walijulikana kwa sura, ikaja kudhihirika kwamba kuna koo zinazokula samaki na koo nyingine zinazowinda mamalia wa baharini, zinaishi maji yaleyale bila kuchanganyika. Bila utambulisho ungeandika tu "orka hula samaki na sili" na ungekuwa umekosea kuwahusu wote.

Lakini alama hubadilika. Sikio huchanika zaidi, pembe huvunjika, pezi hupata pengo jipya. Picha ya mwaka huu iweke karibu na ya mwaka jana, piga pande zote mbili za mnyama, na ukiwa na shaka andika "hajulikani". Kumpa jina la kukisia ni kumfufua aliyekufa.

Tena usidharau kinyesi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 huko Marekani, meli zilipopungua katika Ghuba ya Fundy, Kanada, na kelele ya sauti nzito majini ikashuka, watafiti waliokuwa wakikusanya kinyesi cha nyangumi walio hatarini kutoweka wa Atlantiki ya Kaskazini walikuta homoni za msongo zimepungua. Matokeo yalitoka 2012. Hawakuwa wamepanga jaribio lolote. Walikuwa na sampuli za miaka mingine za kulinganishia, basi. (Harufu yake haizoeleki, usidanganywe.)

Jingine ni wewe mwenyewe. Gombe, ambako Jane Goodall alifika 1960, sokwe walipewa ndizi ili wakaribie, na baadaye ikaonekana kwamba ugomvi ulizidi palipogawiwa ndizi. Mashua yako nayo ni ndizi ya aina yake: inamfanya nyangumi azame mapema, ageuze njia, anyamaze. Andika umbali wako kila unapoandika tabia. Kama umebandika kifaa, dakika za mwanzo usizihesabu kuwa maisha ya kawaida. Na kama mama anaendelea kujiweka kati yako na mtoto, zima kazi mwondoke, kibali mfukoni au la.

Mambo madogo: tumia penseli, wino hukimbia ukilowa. Saa ya kamera na ya GPS zilinganishe kila asubuhi. Nakili data usiku uleule, hata kama kitanda kinakuita, kwa sababu kesho hutakumbuka "M2?" ilikuwa na maana gani.

Nikikutana na mgeni aliyechoka kuandika sifuri humsimulia dume mmoja mwenye nundu. Alipigwa picha ya mkia upande wa Pasifiki wa Kolombia mwaka 2013, na pwani hiyohiyo tena 2017. Mwaka 2022 mkia uleule ukapigwa picha katika mkondo wa Zanzibar. Habari zake zilichapishwa mwishoni mwa 2024: angalau kilomita 13,046, ukipima njia fupi kabisa. Alipita wapi hasa, alikula wapi, nani alimfukuza au alimfuata nani, hakuna aliyeona. Kati ya mkia wa pili na wa tatu kuna miaka mitano, na mahali fulani katika miaka hiyo pengine kuna mashua iliyokesha ikitazama bahari tupu, akiwa chini yake.