Alhamisi tisa kwenye benchi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: “Ndugu yako anataka kuacha pombe. Utamtafutia wapi kikundi cha kumsaidia?” Nimelisoma swali mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye neno “utamtafutia”. Mimi nimekunywa miaka 19, mnazi kwanza, kisha chochote. Msimamo wangu ni kwamba mlevi hatafutiwi. Anatafuta mwenyewe.

Na kutafuta si kazi. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana nambari ya bure, 1192, watakuelekeza. Vikao vya AA (Alcoholics Anonymous), walevi wanaosaidiana kuacha, havitozi ada. Kapu linapitishwa, mwenye chochote anatia, ya chai na ya ukumbi. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha. Jina la kwanza linatosha. Ugumu hauko kwenye kujua mahali. Uko kwenye zile hatua thelathini kutoka getini hadi mlangoni.

Kikao nilichoelekezwa kilikuwa Alhamisi saa kumi na moja jioni, hapa Mombasa, katika ukumbi wa kanisa. Kanisa lipi sitasema, kwa sababu wanaokutana pale wana haki ya kutotajwa. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Majengo. Wasomaji wa pwani watanielewa. Kwetu ulevi wangu ulikuwa siri ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitamka. Kuonekana mangweni, kunakonywewa mnazi, ni aibu. Kuonekana unaingia geti la kanisa jioni ya kuamkia Ijumaa, wenzako wakijiandaa kwenda kusoma Yasini, ni aibu nyingine, na sikujua ipi nzito. Tena saa kumi na moja ndiyo saa ambayo sheria ya vileo ya 2010 inaruhusu baa kufunguliwa siku za kazi. Kutoka stejini njia nzima nilipita milango inayofunguliwa.

Mara ya kwanza nilifika getini nikapitiliza. Mara ya pili nilisimama ng’ambo ya barabara kwa muuza madafu, nikanywa mawili, nikarudi nyumbani. Hapana, sikurudi nyumbani. Nilirudi mangweni.

Mara ya tatu nilimkuta dada yangu mkubwa stejini. Alikuwa amevuka feri kutoka Likoni bila kuniambia, amesimama na buibui lake na mkoba. Nilikasirika. Nikamwambia, “Dada, haya ni mambo yangu.” Akasema, “Najua. Mimi nakwenda kukaa tu.”

Getini mlinzi, kijana wa bara, alitutazama, mimi na kofia yangu, yeye na buibui, akauliza tunamtafuta nani. Ulimi wangu ukagoma. Dada ndiye aliyejibu: “Mwanangu, wale watu wa Alhamisi wako wapi? Mimi nina shida ya pombe.”

Dada yangu hajaonja pombe maishani mwake. Hufunga Jumatatu na Alhamisi, na siku ile alikuwa amefunga. Alilisema neno lile mbele ya watu wawili waliokuwa wakipita, na sauti yake haikupungua hata kidogo. Mlinzi hakushangaa. “Karibu, mama. Ni kule nyuma, karibu na tangi la maji.” Dada akakaa kwenye benchi chini ya mwarobaini, akaniambia, “Nenda. Utatoka kabla ya adhana.”

Ndani walikuwa watu saba na chupa ya chai. Mama mmoja alisoma zile hatua kumi na mbili za AA za kuacha pombe, kwa Kiingereza, mzee aliyekaa kando yake akafasiri. Niliogopa sehemu ya Mungu, nikakuta ni Mungu kama kila mmoja anavyomfahamu. Lililonishinda ni kusema “mimi ni mlevi”. Kwa Kiswahili neno hilo ni tusi. Watoto wa mtaa walikuwa wakinirushia. Sikulisema siku ile, na hakuna aliyenilazimisha.

Sasa nasoma nilichoandika na naona kinanipinga. Sikwenda mwenyewe. Hata AA ilianza hivyo mwaka 1935 kule Akron, Ohio: dalali wa hisa aliyekuwa ugenini, akiogopa kurudia chupa, alitafutiwa mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Mwenzake huyo, daktari, alifika na mkewe, akiwa amesema atakaa robo saa tu. Walizungumza kwa muda wa karibu saa sita.

Basi nabadilisha jibu, ila si lote. Mfikishe getini. Usimburute, nimewaona walioburutwa, wanakaa wakitazama saa, na wengi hawarudi, ingawa mmoja alirudi baada ya mwaka. Usiingie naye kama kikao si cha wazi kwa wasio walevi, na akitoka usimuulize yaliyosemwa. Na kama anakunywa tangu asubuhi, akikosa mikono inatetemeka, hospitali kwanza. Kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege, hata kumuua. Jamaa nao wana vikao vyao, Al-Anon. Wakati ule sikuvijua, na dada yangu alikuwa na mengi ya kusema ambayo hakuwa na wa kumwambia.

Alikaa kwenye benchi lile Alhamisi tisa. Ya kumi alinipigia simu kwamba ana shughuli ya harusi kwa jirani. Nilipofika getini mlinzi akaniuliza, “Mama yuko wapi leo?” Nikamwambia mwenye shida tangu mwanzo ni mimi.