Leaf ya Japani: soketi ya kawaida au chaja ya ukutani?

Kaka umeuliza kama Leaf yako (gari la umeme la Nissan) yenye betri ya 24 kWh toka Japani unaweza kuichaji kwa soketi ya nyumbani hapo Dar au lazima ununue chaja ya ukutani. Soketi inatosha aisee, ila sio ile ya sebuleni na ekstensheni juu yake, mi nilianza hivyo hivyo na plagi ikapata moto mpaka ikabadilika rangi, nilishtuka sana maana kuchaji gari ni mzigo mkubwa usiopumzika usiku kucha, sio kama pasi ya dakika 20. Mwambie fundi akuvutie laini yake peke yake toka kwenye breka boksi, ina breka yake na ile inayokata umeme ukivuja, na apime ethi (waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini) kwa mashine, asikuambie tu ipo, nyumba nyingi ethi ni jina tu. Kwa ampia 10 unapata kama 2.3 kW, betri ikiwa tupu ni usiku mzima, wengi tunaamka imejaa.

Chaja ya 7 kW usiikimbilie kwanza. Leaf nyingi za Japani za miaka ile zenyewe zinapokea kama 3 kW tu, utalipia spidi ambayo gari haiwezi kula. Ukija kuhitaji, inavuta ampia 32, kwa hiyo waya mnene, na fundi ahesabu kwanza na AC, jiko na hita vyote vikiwaka pamoja. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) tafadhali, hapa usibane hela.