Omba asubuhi mbili, usiombe atachimenti

Swali la wiki lilimhusu kijana aliyemaliza kidato cha nne na anayetaka kusomea uafisa wa kliniki hapa Kenya, yaani utabibu wa ngazi ya diploma, si udaktari. Amezunguka hospitali tatu akiomba kukaa na aliye kazini aone kazi ilivyo, na zote zimemrudisha. Afanyeje?

Mara nyingi kinachomponza mtu ni neno moja kwenye barua. Ukiandika kwamba unatafuta atachimenti, karani anasoma jambo jingine kabisa. Atachimenti ni mafunzo ya kazini ya mwanafunzi aliyekwisha kusajiliwa chuoni, na huja na barua ya chuo, bima, kitabu cha kutiwa sahihi na, mahali pengine, ada. Intanishipu iko mbali zaidi, ni ule mwaka wa kazi baada ya diploma. Wewe bado huna chuo, kwa hiyo karani hana faili la kukutia, na karani asiye na faili husema "rudi wiki ijayo" mpaka uchoke. Andika waziwazi: "Naomba ruhusa ya kutazama kazi ya afisa wa kliniki kwa asubuhi mbili, bila kumgusa mgonjwa." Ombi dogo lenye tarehe hujibiwa. Ombi la "muda wowote mtakaonipa" halijibiki hata na mtu mwenye nia njema, maana hajui ni siku ngapi anakubali kukubeba.

Kosa la pili ni mahali. Vijana wa Kisumu hukimbilia hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile ambayo wenyeji bado wanaiita Russia, na wa Nakuru hukimbilia hospitali ya kaunti, iliyokuwa PGH, hospitali kuu ya mkoa. Huko wamo wanafunzi wa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wa vyuo vikuu na maafisa wa intanishipu, wote wamezunguka kitanda kimoja. Hata ukiruhusiwa utakuwa kichwa cha nane, na utakachoona ni migongo ya makoti. Nenda kituo cha afya, Level 3, ambako afisa wa kliniki ndiye anayewaona wagonjwa siku nzima na mara nyingi ndiye inchaji, msimamizi wa kituo, mwenyewe. Hospitali za kaunti ndogo nazo zinafaa: Ahero, Chulaimbo na Lumumba upande wa Kisumu, Molo na Bahati kule Nakuru, Malava na Butere kule Kakamega. Zahanati ya Level 2 kwa kawaida huendeshwa na wauguzi. Ni kazi ya heshima, ila si hii unayotaka kuiona. Hospitali za misheni kama Maseno, au St. Mary's ya Mumias, usizisahau.

Barua iwe ukurasa mmoja: jina, umri, simu, tarehe mbili unazoomba na mbili za akiba, idara (andika OPD, yaani wagonjwa wa nje, usiandike "popote"), na sentensi ya kuahidi kutunza siri za wagonjwa. Ambatanisha nakala ya kitambulisho, matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na barua ya mwalimu mkuu wako au ya chifu. Aliye chini ya miaka 18 aongeze sahihi ya mzazi. Kwenye kituo cha afya barua inaenda kwa inchaji, kwenye hospitali inaenda kwa medsup, daktari msimamizi wa hospitali. Toa nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo, kwa sababu barua hupotea mezani na muhuri ndio ushahidi wako. Usiandikie wizara Nairobi, kwani tangu 2013 vituo hivi viko chini ya kaunti. Inchaji akikutuma kwanza kwenye ofisi ya afya ya kaunti ndogo, hajakufukuza. Anajikinga, na ana haki.

Saa ya kupeleka barua nayo ina uzito. Jumatatu asubuhi foleni imefika getini. Siku ya soko vilevile. Nenda katikati ya wiki, baada ya saa nane mchana, wakati afisa ameanza kunywa chai yake iliyopoa.

Ukishaingia, vaa viatu vilivyofunika vidole, kucha fupi, simu imezimwa. Usivae koti jeupe. Ukilivaa, mgonjwa atakuita daktari na kukuuliza swali kwenye korido, nawe utashawishika kujibu. Bandika kifuani karatasi yenye jina lako na neno MTAZAMAJI. Afisa mzuri atamwambia kila anayeingia: "Mama, huyu kijana anatazama kazi. Ni sawa akibaki, ama atoke?" Mama akisita hata kidogo, inuka kabla hujaambiwa. Kliniki ya HIV usiiombe kabisa. Siri ya wagonjwa wale inalindwa na sheria ya 2006, na kwa kijana wa mtaa huohuo kuonana nao pale mlangoni tu ni tatizo tayari.

Sasa utaona nini? Kanda ya ziwa, mvua zikishanyesha, utaona homa za watoto mpaka uote. Usikae ukisubiri maajabu. Mtazame afisa anavyohesabu pumzi za mtoto: anafunua kifua, anangoja mtoto anyamaze, anahesabu dakika nzima bila kukata njiani. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, hiyo ni kasi inayomfanya afikirie nimonia. Hesabu nawe kimyakimya, kisha linganisha. Wengi mwanzoni hukosea kwa sababu wanahesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, na kosa la pumzi mbili linakuwa la nane.

Halafu sikiliza maelezo ya dawa, kwa sababu hapo ndipo kazi inapoharibika. Mtoto aliyepatikana na malaria isiyo kali hupewa AL, dawa ya malaria ya kumeza, dozi sita kwa siku tatu, na ya pili inafuata saa 8 baada ya ya kwanza. Mwambie mama "dozi nyingine saa nane" naye atampa saa nane mchana, wakati ya kwanza ilimezwa saa nne asubuhi. Saa nne tu zimepita. Afisa aliyezoea hatamki "saa nane" kabisa. Anasema "leo saa kumi na mbili jioni, jua likizama," kisha anamwomba mama arudie. Jambo kama hilo hulikuti kwenye kijitabu cha chuo.

Daftari lako lisiwe na jina la mgonjwa, kijiji wala namba ya faili. "Mtoto, miaka 3, homa siku 2, kipimo cha haraka kimeonyesha malaria" inatosha.

Kwa usalama wako, keti mahali ambapo hewa ya dirishani inakupita wewe kwanza ndipo imfikie anayekohoa, kwa ajili ya kifua kikuu. Usiguse sindano wala pipa la sindano. Ukichomwa kwa bahati mbaya, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, usinyonye, na mwambie inchaji papo hapo. Dawa za kuzuia HIV huanzwa ndani ya saa chache na hazianzwi baada ya saa 72. Watu hunyamaza kwa aibu mpaka muda unapita. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu zinazochukua miezi 6, kwa hiyo anayetaka chuo mwakani aianze mwaka huu.

Onyo kuhusu kliniki za mtaani. Nyingi ni halali na zina maafisa wazuri, lakini tafuta leseni ukutani, na namba ya usajili ya afisa ihakikishe kwa Baraza la Maafisa wa Kliniki. Anayekukubali dakika ile ile bila barua, na siku ya kwanza anakukabidhi sindano "ujifunze", huyo mwenyewe huenda hakusoma. Siku ya msako mtapakiwa gari moja.

Je, saa hizi za kutazama kazi zinakusaidia kuingia chuoni? Kenya, la. KMTC inaangalia matokeo yako ya KCSE. Faida yake ni kujua, kabla ya karo ya miaka mitatu, kama unaweza kukaa na usaha, kilio na foleni isiyoisha. Marekani ndiko hesabu hubadilika. Kada inayofanana na hii, physician assistant, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, husomewa baada ya digrii ya kwanza, na fomu ya pamoja ya maombi, CASPA, ina sehemu ya saa za kutazama kazi iliyotengwa na saa za kuhudumia wagonjwa. Saa moja huwezi kuihesabu pande zote mbili. Kila chuo kina masharti yake, kwa hiyo mwenye ndoto hiyo akiulize chuo chenyewe, kwa maandishi, kama saa za kumtazama afisa wa kliniki wa Kenya zinakubalika.

Hata kama huna ndoto ya Marekani, weka rekodi: tarehe, saa za kuingia na kutoka, idara, jina la afisa, namba yake ya usajili na sahihi. Sahihi iwekwe siku hiyo hiyo kabla hujatoka. Maafisa huhamishwa, na sahihi uliyoiacha Ahero unaweza kuifuata Kombewa kwa nauli yako mwenyewe.